Nani Alifyatua Risasi? Mjadala Kuhusu Tamthilia za Migogoro ya Kisiasa

MWALIMU WA HISTORIA: Nitaanza na risasi moja tu. Desemba 1972 watu wa IRA, kundi lenye silaha lililopigana na utawala wa Uingereza katika Ireland ya Kaskazini, waliingia katika majengo ya ghorofa ya Divis, Belfast magharibi, wakamchukua Jean McConville, mjane mwenye watoto kumi. Hakurudi. IRA ilikaa kimya mpaka 1999 ndipo ikakiri kwamba ilimuua, na mwili wake ukaonekana Agosti 2003, umefukiwa ufukweni katika kaunti ya Louth, ng'ambo ya mpaka. Nani alifyatua risasi? Mpaka leo hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani kwa mauaji yale. Lakini Novemba 2024 ilitoka tamthilia ya Say Nothing, vipindi tisa, na ilipofika mwisho risasi ile imepata mkono, mkono umepata uso, na uso umepewa jina la mtu aliye hai. Mtu huyo, Marian Price, amekana kuhusika, na mawakili wake wametangaza kwamba anaichukulia hatua za kisheria kampuni ya Disney, iliyoionyesha tamthilia hiyo. Nauliza: tamthilia imepata wapi mamlaka ya kuhukumu?

MTUNZI WA TAMTHILIA: Jina lile halikuokotwa barabarani, Mwalimu. Limo katika kitabu cha Patrick Radden Keefe kilichotoka 2018. Keefe alichimba kwa miaka kadhaa: alisoma kumbukumbu, alihoji watu, akafuatilia kanda zilizorekodiwa kwa ajili ya Boston College, ambamo wapiganaji wa zamani walizungumza kwa ahadi kwamba hazitasikika mpaka wafe. Tamthilia ilifuata kitabu. Kama kosa ni kutaja, kitabu kilitaja kwanza. Mbona karatasi haikukukera?

MWALIMU: Kwa sababu karatasi inaonyesha njia iliyopitia. Keefe anamwambia msomaji: hili nimeambiwa na fulani, lile nimelikuta mahali fulani, na hapa sasa nakisia, tena nakisia kwa sababu hizi. Msomaji anaweza kusimama hapo hapo akasema, mimi siendi nawe. Mtazamaji asimame wapi? Kamera haina namna ya kusema "huenda". Mwigizaji ama ameshika bastola ama hakuishika. Ukishamwonyesha ameishika, umemaliza kesi, na mtazamaji ataondoka akiwa shahidi wa jambo ambalo hakuliona mtu yeyote isipokuwa waliokuwa kwenye ule ufukwe.

MTUNZI: Kamera inaweza, ikitaka. Kila kipindi cha Say Nothing kinapokwisha, yanakuja maandishi kwamba mwanasiasa Gerry Adams amekana siku zote kuwa mwanachama wa IRA au kushiriki katika vitendo vyake vya mabavu. Kila kipindi, hakuna kilichorukwa.

MWALIMU: Baada ya mwigizaji kutoa amri kwa jina la Adams kipindi kizima! Maandishi yale yanaikinga kampuni. Adams hayamkingi, na mtazamaji hayamfundishi lolote, kwa sababu sentensi moja nyeupe kwenye kioo cheusi haifuti yale aliyoyaona kwa macho yake. Kama mna shaka, iingizeni shaka ndani ya hadithi. Onyesheni risasi ile mara mbili, kwa mikono miwili tofauti. Au msionyeshe kabisa.

MTUNZI: Nikionyesha mara mbili utaniambia nacheza na kifo cha mtu. Nisipoonyesha utasema nimewaficha wauaji. Sasa tutoke Belfast twende Derry, maana huko utanijibu vingine. Tarehe 30 Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji, watu 13 wakafa, na wa 14 akafariki baadaye. Jaji Widgery akatoa ripoti kabla ya Aprili kwisha, akawasafisha wanajeshi kwa kiasi kikubwa. Hiyo ndiyo ikawa historia rasmi, Mwalimu, yenye muhuri. Watu wa Derry waliishi nayo mpaka Juni 2010, Tume ya Saville, iliyoichunguza upya siku ile, iliposema hakuna hata mmoja wa waliopigwa aliyekuwa tishio la kuhalalisha kupigwa kwake. Lakini Januari 2002, miaka minane kabla ya Saville, runinga za Uingereza zilikuwa tayari zimeonyesha tamthilia mbili juu ya siku ile: Bloody Sunday ya Paul Greengrass na Sunday ya Jimmy McGovern. Ile ya Greengrass ilitokana na kazi ya Don Mullan, aliyekuwapo pale akiwa mvulana wa miaka 15 na baadaye akakusanya maneno ya walioshuhudia. Nani alikuwa karibu zaidi na ukweli, jaji au tamthilia?

MWALIMU: Tamthilia. Nakubali bila kusitasita.

MTUNZI: Basi.

MWALIMU: Hapana, si basi. Januari 2002 Tume ya Saville ilikuwa bado inaendelea. Wanajeshi wenyewe walianza kutoa ushahidi London Septemba ya mwaka ule, miezi minane baada ya tamthilia kurushwa. Maana yake taifa zima lilitazama hukumu kabla upande mmoja haujafungua kinywa. Imetokea kwamba hukumu ile ilikuwa sawa, na mimi nafurahi kwa ajili ya wazazi wa wale vijana. Lakini kupatia si sawa na kujua. Tena angalia yaliyofuata. Mwanajeshi mmoja, anayejulikana kwa herufi F tu, alishtakiwa kwa mauaji ya siku ile, na Oktoba 2025 mahakama ya Belfast ikamwachia. Jaji aliona ushahidi hautoshi kumtia hatiani. Kati ya "watu hawa waliuawa bila haki" na "fulani ndiye aliyemuua fulani" pana bonde kubwa. Bloody Sunday ilisimama vizuri kwenye ukingo wa kwanza. Say Nothing iliruka.

MTUNZI: Unanisaidia bila kutaka, Mwalimu. Mahakama ilishindwa kwa sababu miaka 53 imepita na watu wameshakufa. Na Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2023 iliyosimamisha uchunguzi wa vifo vya kipindi kile kuanzia tarehe 1 Mei 2024, kwa kesi ambazo hazijafika hatua ya mwisho. Milango inafungwa mmoja mmoja. Halafu unawaambia watu wasubiri mahakama! Wasubiri nini? Wazee wanazikwa kila mwaka na majibu yao. Kama serikali imefunga faili, nani amebaki wa kuuliza hadharani, isipokuwa gazeti, kitabu na tamthilia? Na kati ya hivyo vitatu, ni tamthilia peke yake inayomfikia kijana wa miaka 20 ambaye hajui hata hiyo Belfast iko wapi.

MWALIMU: Unasema kwa niaba ya wafiwa. Lakini mtoto mmoja wa Jean McConville alisema hadharani kwamba hajaitazama na hataitazama, kwamba kifo cha mama yake si burudani kwake wala kwa familia yake. Aliuita ukatili. Huyo siye mfiwa?

MTUNZI: Ndiye. Na sina jibu la kumpa huyo mtu litakalomtosha. Ningekuwa mimi ningekwenda kwake kabla ya kuandika neno la kwanza, na angekataa, ningelala na huo mzigo. Lakini nisikilize kidogo. Ule mwili wa ufukweni, walipowaita watoto waje kuutambua, hakikuwepo cha kutambua isipokuwa mabaki na nguo. Mmoja wao akauliza kama pana pini kwenye nguo. Pini ya bluu, ya nepi. Mama yao alikuwa nayo nguoni siku zote, kwa sababu kwenye nyumba yenye watoto kumi hukosi mmoja anayehitaji kufungwa nepi au kushikizwa kifungo. Wakageuza nguo. Ikawepo. Sasa, ripoti ya polisi itaandika "pini moja". Mtu akiisoma atapita. Lakini mpe mtu vipindi vinane vya kuishi na wale watoto, waliobaki peke yao kwenye ile nyumba baridi mpaka ustawi wa jamii ulipokuja kuwatawanya, halafu mpe ile pini. Hatawahi kusema tena kwamba vita ni vita na lazima watu wafe.

MWALIMU: Umenigusa, nami sitajifanya hukunigusa. Lakini umeona ulichofanya? Ile pini ni kweli. Hakuna aliyeibuni. Kitu kizito kuliko vyote katika hadithi nzima hakikuhitaji mtunzi akiongeze. Basi mbona mnabuni? Chukua The Crown. Agosti 1979 IRA ilimlipua Lord Mountbatten, ndugu wa familia ya kifalme ya Uingereza, katika mashua yake huko Mullaghmore. Msimu wa nne wa tamthilia hiyo, wa mwaka 2020, ukamtungia barua ya mwisho kwa Prince Charles, ya kumsihi atafute mke anayefaa. Mwandishi wake, Peter Morgan, alikubali kwamba barua ile ameitunga. Leo mamilioni ya watu wanaijua barua hiyo.

MTUNZI: Barua ile imemdhuru nani? Ukaribu wa wale wawili unajulikana. Ameweka kwenye karatasi mambo ambayo mzee yule angeweza kuyasema. Haikumpa mtu hatia ya damu.

MWALIMU: Imemdhuru Paul Maxwell. Umewahi kulisikia jina hilo? Alikuwa mvulana wa miaka 15 kutoka Enniskillen, kazi yake ya likizo ilikuwa kusaidia kwenye ile mashua. Alikufa kwenye mlipuko ule ule. Alikufa pia mjukuu wa Mountbatten, Nicholas, wa miaka 14, na bibi yake mzaa baba akafariki siku iliyofuata. Siku ile ile wanajeshi 18 waliuawa Warrenpoint. Mtunzi alikuwa na yote hayo mezani, naye akaona bado anahitaji barua ya kubuni kuhusu ndoa. Uongo wa aina hiyo haumsingizii mtu, hilo nakubali. Kosa lake ni kwamba unahamisha uzito. Mlipuko uliokuwa wa siasa, wenye sababu za siasa na maiti za siasa, unakuwa ukurasa wa kufungulia hadithi ya mapenzi ya kifalme.

MTUNZI: Hapo nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Ndiyo maana mimi nawaheshimu wanaokiri. Craig Mazin alipoandika Chernobyl, tamthilia ya ajali ile ya nyuklia, kwa ajili ya HBO mwaka 2019, alimbuni mwanasayansi mwanamke, Ulana Khomyuk, asimame badala ya wanasayansi wengi waliomsaidia mwenzao Legasov kuichunguza ajali hiyo. Mwishoni akaandika kwenye kioo kwamba mhusika huyo ametungwa na kwa nini. Akatoa pia mfululizo wa mazungumzo ya kusikiliza, kipindi kwa kipindi, akieleza amebadilisha nini.

MWALIMU: Na katika tamthilia hiyo hiyo akamsimamisha Legasov mahakamani atoe hotuba ndefu, katika kesi ambayo Legasov hakuhudhuria. Mazungumzo ya pembeni wanayasikiliza wangapi?

MTUNZI: Wanaotaka. Siwezi kumlazimisha mtu kutaka.

MJUKUU WA MFUNGWA WA MANYANI: Samahani wakubwa zangu, nimewasikiliza kwa muda. Katika Say Nothing mmetaja wote isipokuwa mmoja. Frank Kitson yumo mle, amechezwa na Rory Kinnear. Kwenu ni afisa wa Kiingereza wa Belfast, wa kati ya 1970 na 1972. Kwetu sisi ni mtu wa Kenya. Alikuja katika Hali ya Hatari, akatunukiwa nishani kwa kazi yake, na mwaka 1960 akaandika kitabu juu ya magenge bandia: wapiganaji wa Mau Mau waliokamatwa, wakageuzwa, wakarudishwa msituni kuwawinda wenzao. Aliyoyajaribu kwetu ndiyo aliyokwenda nayo Belfast. Babu yangu alikamatwa Nairobi Aprili 1954 katika Operesheni Anvil. Walipangwa foleni, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Tulimwita gakunia. Hakusema neno. Akitikisa kichwa hivi, unakwenda huku. Akitikisa vile, unakwenda kambi ya kizuizini ya Manyani. Babu alikwenda Manyani.

MWALIMU: Pole sana, mwanangu. Na hilo ndilo ninalolitetea. Habari za babu yako zinahitaji kuandikwa kwa usahihi, zisichanganywe na...

MJUKUU: Usahihi wa faili gani, Mwalimu? Faili za Kenya zilisafirishwa kwenda Uingereza wakati wa kuondoka kwao, nyingine zikachomwa. Zilizobaki zilifichwa huko Uingereza, mahali paitwapo Hanslope Park, na serikali ya Uingereza haikukiri kuwa nazo mpaka 2011, wazee walipoipeleka mahakamani. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9 na kutamka kwamba inajuta. Kwa nusu karne, msomi aliyesimama kwenye karatasi tu alikuwa amesimama kwenye karatasi walizomwachia wenye kosa. Bibi zetu walioimba na kusimulia ndio waliokuwa sahihi, na waliambiwa hizo ni hadithi. Kwa hiyo unapomwambia dada hapa asionyeshe kitu mpaka kiwe na ushahidi, fikiri ushahidi wenyewe uliwekwa na nani.

MWALIMU: Hilo ni kweli, nami nalikubali kwa uchungu, kwa sababu fani yangu ilichelewa. Lakini kumbuka kilichowashindia wazee. Waliishinda serikali kwa hati za kiapo, kwa makovu yaliyochunguzwa na madaktari, na kwa wanahistoria walioeleza mahakamani faili zinapaswa kuwa wapi. Hawakushinda kwa filamu. Kama pangekuwa na tamthilia iliyotia chumvi mateso yao, mawakili wa serikali wangeishika wakasema: mnaona, wamekaririshwa na runinga.

MTUNZI: Lakini tamthilia kubwa ya runinga haikuwepo, ya kutia wala kutotia chumvi. Ireland ya Kaskazini, watu wasiofika milioni mbili, ina rafu nzima ya tamthilia. Hali ya Hatari ya Kenya ina ngapi za ukubwa huo? Kitson mwenyewe anaonekana kwenye kioo akiwa Belfast. Mtaa wa Belfast umeonyeshwa, msitu wa Aberdare ni nadra kuonyeshwa. Wewe Mwalimu unapima makosa ya kilichoonyeshwa. Mimi napima pia kilichoachwa, kwa sababu mtu asipokuonyesha kabisa amekukosea zaidi ya aliyekuonyesha vibaya.

MJUKUU: Usinitumie haraka hivyo, dada. Wewe nawe nina swali lako. Tuseme kesho unapewa fedha, unakuja Nyeri kuandika tamthilia. Utafika kwenye ile foleni ya Anvil. Gunia utalivua au hutalivua?

MTUNZI: Nitalivua. Sina njia. Mtazamaji hawezi kukaa vipindi vinane na gunia. Lazima ajue mle ndani mna mtu, ana mke, ana woga, pengine alipigwa siku tatu kabla hajakubali kuvaa lile gunia. Nikimwacha amefunikwa nitakuwa nimemfanya shetani, na huo ndio uongo mkubwa zaidi kuhusu vita vile.

MJUKUU: Utampa uso wa nani?

MTUNZI: Wa mtu wa kubuni. Nitachanganya watu watatu au wanne, nitampa jina lisilo la mtu, nitaandika mwanzoni kabisa, si mwishoni, kwamba huyu nimemtunga.

MWALIMU: Katika London jina la kubuni linaficha. Kijijini haliwezi. Watu wataangalia jinsi anavyotembea, wataangalia alipewa shamba gani baada ya vita, na kufikia asubuhi watakuwa wamekubaliana ni nyumba ipi. Wajukuu wake wanakwenda shule na wajukuu wa waliopelekwa Manyani. Wameoana. Belfast ni hivyo hivyo: mitaa ni ile ile, makanisa ni yale yale. Kwa Jean McConville, IRA ilisema alikuwa mpasha habari wa jeshi. Mwaka 2006 ofisi huru inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi ilitamka kwamba haikupata ushahidi wa hilo. Neno moja la mtaani lilimuua mama wa watoto kumi. Na wewe unataka kulirudisha neno hilo mtaani, likiwa na muziki na taa.

MTUNZI: Nataka kulitoa mtaani. Linanong'onwa tangu 1954! Kinachoua ni mnong'ono, Mwalimu. Huonekani kuutambua kwa sababu hauna tanbihi.

MWALIMU: Nautambua vizuri. Najua pia kwamba mnong'ono unaweza kukanushwa na jirani kwa neno lingine. Tamthilia ya mabilioni inakanushwa na nani?

MJUKUU: Babu alisema alimjua. Gunia lilikomea magotini, na yeye aliitazama miguu. Alilisema hilo mara nyingi, na kila mara tulipouliza ni nani alinyamaza. Alikufa hajasema. Sasa nyumbani kwetu tumegawanyika. Mama yangu anasema mzee alinyamaza makusudi, alikuwa akiwalinda wale watoto wa upande wa pili, na mtu yeyote atakayelivua lile gunia kwenye runinga atakuwa amemvunjia mzee neno lake. Mjomba anasema hapana, mzee alinyamaza kwa woga aliotoka nao Manyani, na kuendelea kunyamaza ni kumwacha Manyani mpaka leo. Wote wawili walimpenda. Wote wawili walikaa naye. Hakuna faili Hanslope itakayotuambia yupi kati yao yuko sawa, na hakuna mwigizaji atakayetuambia.

MTUNZI: Kwa hiyo nisije?

MJUKUU: Sijasema usije. Nasema usije kwa mjomba peke yake kwa sababu ndiye atakayekupa hadithi. Na Mwalimu naye asije kwa mama peke yake kwa sababu ndiye atakayempa sababu ya kukataa. Njooni wote wawili, mkae nao chumba kimoja, na muswada uwe mezani kabla kamera haijatoka Nairobi.

MWALIMU: Na wakishindwa kukubaliana?

MJUKUU: Watashindwa.

MTUNZI: Basi nitaandika kushindwa huko. Kipindi kizima, chumba kimoja, ndugu wawili na gunia.

MWALIMU: Hicho nitakitazama. Lakini nitataka kwanza kukisoma.